Kibanda cha Baba Bondeni

Kiangazi cha kwanza cha ndoa yetu hatukukaa nyumbani Jumapili hata moja. Mume wangu alikuwa bwana shamba, mimi nilifundisha darasa la pili, na tulipanga vyumba viwili Nyakato, upande wa Musoma ambako wakati ule nyumba zilikuwa chache na mihogo mingi. Ofisi yao ilikuwa imempa pikipiki ya kuzungukia mashamba ya pamba. Mwisho wa wiki ilitakiwa ilale ofisini. Ililala kwetu, imeegemezwa ukutani, na asubuhi chumba kizima kilinuka petroli.

Tulikwenda Bunda kula nyama ya kuchoma na kuwatazama wakulima waliouza pamba wakichagua blanketi na redio. Tulikwenda Guta kwa wazazi wake, ambako mama mkwe alinipikia samaki mkavu aina ya ningu kwa karanga na kuniambia kwamba nimekonda, kila safari, hata nilipoanza kunenepa. Kiriba tulikwenda mara moja tu, kwa rafiki yake mvuvi, tukarudi na sato wanne wamening'inizwa kwenye usukani, mikia yao ikimpiga magotini njia nzima. Nilifunga kilemba kwa nguvu upepo usikichukue, nikamshika kiuno, na watu wa njiani wakatupungia mikono. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Uhuru ulinikuta darasa la tano, na tangu siku ile kila mtu mkubwa alikuwa ameniambia kwamba maisha mazuri yanakuja. Kiangazi kile niliamini yamefika.

Aliniita Mwalimu, nami nilimwita Bwana Shamba, hata tukiwa wawili tu.

Kwetu kulikuwa kilimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Butiama. Harusi yetu tulifunga kanisani lakini tukaja kuila huko juu, katikati ya mawe. Baba alikuwa hajabatizwa. Wakati wa misa alibaki nje ya kanisa pamoja na jirani yetu, wote wawili wamevaa makoti ya kuazima, na tulipotoka tuliwakuta wanabishana kuhusu ndama. Jirani huyo nilimwita baba mdogo ingawa hatukuwa na damu moja. Yeye na baba walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu watu wa namna hiyo hawaachani. Ng'ombe wake kadhaa walilala zizini kwetu na wetu kadhaa kwake, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize wote. Pombe ya ulezi walikunywa kutoka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Mrija wa jirani ulikuwa unakaa kwetu, umechomekwa kwenye nyasi za paa juu ya mlango, na wa baba ulikaa kwake. Siku ya harusi walikunywa mpaka wakaanza kuimba nyimbo ambazo mama alituambia tusizisikilize. Mdogo wangu wa kike, ambaye alikuwa bado mtoto wa kubeba kibuyu cha maji, alizisikiliza zote.

Kiangazi cha pili Operesheni ilifika kwetu. Watu wote waliokuwa wameishi mmoja mmoja juu ya vilima waliambiwa washuke, wakae pamoja kwenye vijiji vipya kando ya barabara. Lazima niseme kwamba mimi niliiunga mkono. Nilikuwa nawafundisha watoto nyimbo za vijiji kila asubuhi kabla ya hesabu, na nilizifundisha kwa moyo. Mume wangu aliiunga mkono kuliko mimi. Alinichorea kijiji cha kwetu kwenye karatasi ya mistari: hapa bomba, hapa shule, hapa zahanati.

"Mama yako hatabeba tena maji kichwani," alisema. "Na wewe ukienda kujifungulia kwa mama yako, nesi yuko mlango wa tatu."

Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Karatasi ile niliibandika ukutani.

Mwezi ule nilipanda basi peke yangu kwenda kuwaona wazazi. Niliposhuka barabarani nilimkuta baba kwenye eneo la kijiji kipya, amekaa mbele ya kibanda cha nyasi, anaota moto. Nilifurahi kuona amehama. Niliinama nikachungulia ndani. Hapakuwa na kitanda, wala chungu, wala jiwe la kusagia.

"Mnalala wapi, baba?"

"Hapa," akasema, akatazama pembeni. "Panda juu kamsalimie mama yako. Kuna vitu anamaliziaga kule."

Kilimani nilikuta kila kitu mahali pake. Kuku walikuwa uani, kihenge kimejaa mtama, ng'ombe wako malishoni. Mama alikuwa anachambua pamba ya mwisho. Nilikaa nikamsaidia, na baada ya muda alianza kucheka mwenyewe.

"Baba yako ana vijiji viwili," akasema. "Alfajiri anashukaga kule chini, anawasha moto. Balozi wa nyumba kumi akipita anamkuta anaota, anaandika kwenye daftari kwamba mzee amehama. Jua likipanda anarudi huku kwa ng'ombe wake. Baba yako mdogo naye hivyo hivyo, ana kibanda chake upande wa pili. Wanapokezana kuangalia njia."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka wenyewe wachoke. Serikali inachokaga." Kisha akaacha kucheka. "Hili lisitoke humu."

Nikasema halitatoka. Sikuona kama naahidi kitu kikubwa.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Makoko, mimi na mume wangu, kwenye mawe ya ziwani. Tulikuwa tumebeba chapati na chai kwenye chupa. Alikuwa hana raha. Wiki nzima ofisini waligombezwa kwamba wilaya nyingine zimekwishamaliza kuhamisha watu na wao bado. Alikaa kwenye jiwe akitupa vipande vya chapati kwa furu, wale samaki wadogo wa ukingoni. Nilitaka acheke. Nilipenda sana alivyokuwa anacheka, alikuwa anafumba macho na kushika mbavu. Basi nikamwambia.

Nilimwigiza baba. Nilichuchumaa juu ya jiwe nikaota moto ambao haukuwepo, nikamwigiza balozi na daftari lake, nikamwigiza baba akichungulia huku na huku kabla ya kukimbilia kilimani na fimbo yake. Mume wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee wako ni hatari," akasema. "Kibanda hakina hata kitanda?"

"Hata chungu."

Jirani sikumtaja. Si kwamba nilimficha. Hadithi ya mzee mmoja inachekesha kuliko ya wazee wawili, na mimi nilitaka kuchekesha.

Haikupita wiki mbili. Nilikuwa darasani, watoto wanahesabu kwa vijiti, nikaona watoto wa mbele wanatazama mlangoni. Mama alikuwa amesimama pale. Mama hakuwahi kufika shuleni kwangu. Kanga yake ilikuwa na majivu mpaka kiunoni.

"Wamechoma," akasema.

Nilimtoa nje, tukakaa kwenye ngazi. Alinieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa. Mgambo walikuja juzi asubuhi wakati baba amekwisharudi kutoka bondeni. Hawakuuliza njia. Walipita mlangoni kwa jirani kama hawaoni nyumba, wakaja moja kwa moja kwetu. Walimpa baba nafasi ya kutoa vitu. Alitoa kiti chake cha miguu mitatu, ngozi ya kulalia na jembe moja, kisha akasimama, kwa sababu alidhani wanatania. Wakatia moto paa. Kihenge kilikuwa karibu mno na nyumba, mtama wote ukaungua, uliungua siku mbili.

"Kwa baba mdogo je?"

"Hawakugusa hata unyasi." Mama aliangalia uwanja wa shule. "Baba yako anasema ni yeye. Anasema nani mwingine alijua?"

Nilimletea maji ya kunywa. Mama aliniangalia usoni. Alikunywa, akaomba nauli ya kurudi, nikampa, na niliporudi darasani watoto walikuwa bado wanahesabu.

Mchana ule nilimkuta mume wangu uani anaosha pikipiki. Sikumsalimia.

"Ulisema?"

Aliendelea kuosha kidogo, kisha akaacha kitambaa ndani ya ndoo.

"Walitusomea majina ya waliohama," akasema. "Jina la mzee lilikuwemo. Mkubwa akaniuliza mbele ya wote: mkweo amehama kweli au ameandikwa tu? Ulitaka niseme uongo?"

"Ndiyo."

"Ningefukuzwa kazi."

"Ungefukuzwa."

"Sikusema wachome, Mwalimu. Nilidhani watakwenda kumwambia ahame. Nilidhani ni kumwambia tu." Alikuwa analia. Nilitaka kumpiga na ndoo ile, na nilitaka pia kumfuta machozi, na sikufanya lolote. Kwa sababu yeye alisema alipoulizwa. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Mtoto wetu alizaliwa Musoma, hospitalini, kwani nesi wa mlango wa tatu hakuwepo. Alipofikisha miezi sita mama aliomba tumbatizie kwao, kwenye kijiji kipya. Alisema baba anahitaji kuona watu nyumbani kwake. Kilikuwa kiangazi tena. Tulikwenda kwa pikipiki, mtoto katikati yetu, nikiwa nimembana na kanga mbili.

Kijiji kilikuwa mistari ya nyumba kama madawati. Nguzo za zahanati zilikuwa zimesimama bila paa, na mbuzi walikuwa wanalala katikati yake. Bomba halikuwepo, mto ulikuwa mbali zaidi kuliko tulipokuwa kilimani. Baba alikuwa amejenga nyumba ndogo ya udongo. Alimchukua mjukuu wake, akamtazama sana, akasema, "Amefanana na mama yangu." Mume wangu alimpigia magoti kama mkwe anavyopaswa, na baba akampa mkono na kumwita mwanangu. Alimpenda mume wangu kweli. Alikuwa anawaambia watu kwamba serikalini kuna mtu mmoja mwema, naye ameoa kwake.

Jirani alikuwa ameshuka pia kabla ya mvua, kwa hiari yake, alipoona hakuna maana ya kukaa kule juu peke yake. Kwa kuwa hakuna aliyemchomea, aliteremsha kila kitu: nguzo, milango, kihenge chote na mtama wake. Nyumba yake ilikuwa mstari wa tatu kutoka kwa baba, na ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Watu waliitazama nyumba ile na kuelewa walichotaka kuelewa.

Hakualikwa, lakini alikuja. Tulikuwa tumetoka kanisani, wanawake wanapakua, wanaume wamekizunguka chungu. Alikuwa ameshika jogoo mwekundu kwapani, zawadi ya mtoto, na mrija mpya mkononi, maana ule wa zamani uliungua na paa letu. Alimpa mama jogoo. Alinisalimia mimi, "Hujambo, mama," akamgusa mtoto kichwani. Kisha akaenda akavuta kigoda, akatia mrija wake kwenye chungu.

Baba akachomoa wake. Aliuchomoa taratibu, akaukung'uta, akauweka juu ya magoti yake.

"Mimi sinywi na mtu aliyenionyesha kwa kidole," akasema.

Wanaume wengine wakatazama chini. Mmoja baada ya mwingine nao wakachomoa mirija yao, maana chungu kilikuwa cha baba. Ukabaki mrija mmoja.

"Sikukuonyesha," jirani akasema.

"Basi ni nani?"

"Sijui. Lakini na mimi nilikuwa bado kule juu, unajua. Ulikuwa unaniona kila siku."

"Ndiyo maana nauliza," baba akasema.

Nilikuwa nimekaa hatua sita kutoka kwao, namnyonyesha mtoto. Mume wangu alikuwa amesimama na sahani ya nyama. Alinitazama, nami nikamtazama. Maneno yalikuwa machache tu: baba, ni mimi. Niliyapanga kabisa mdomoni. Nikafikiri jinsi baba alivyomwita mume wangu mwanangu saa ile ile. Nikafikiri kwamba nitasema kesho, watu wakiondoka. Jirani alisubiri kidogo, kama mtu anayesubiri salamu irudishwe. Kisha alichomoa mrija wake, akasimama, akaenda zake katikati ya mistari ile ya nyumba, na wanawake wakaanza tena kupakua. Nyama ilikuwa nzuri. Nakumbuka kwamba nilikula.

Kesho yake sikusema. Wala Krismasi, wala kiangazi kilichofuata. Tulirudi Makoko mara moja zaidi, tukiwa na mtoto anayetambaa juu ya mawe, na mume wangu akauliza kwa sauti ndogo, "Hutanisimulia kitu?" Nikamwambia sina la kusimulia. Baada ya hapo ofisi iliichukua pikipiki, na hatukuwa na sababu ya kujifanya tunapenda kutembea.

Baba alikufa kwa kifua, akiwa amekwishabatizwa na padri aliyekuja kitandani. Padri alimuuliza kama amewasamehe watu wote. Akasema wote isipokuwa mmoja. Padri hakuweza kumbadilisha, akambatiza hivyo hivyo. Kaka zangu wawili walisimamia mazishi, na wao walifuata neno lake: jirani asitupe udongo. Alisimama barabarani wakati wote wa ibada, bila kofia, mzee wa watu, ng'ombe wakimpita huku na huku.

Nilimwendea baada ya matanga. Miaka ile sukari ilikuwa ya kugawiwa, nikambebea kilo nzima. Nilimkuta anasuka kamba nyuma ya nyumba. Nilipiga magoti, nikamwambia yote: mama alivyonisimulia, Makoko, mume wangu, ofisi. Aliendelea kusuka mpaka nilipomaliza.

"Mumeo alijua kwamba na mimi nilikuwa bado juu?"

"Hakujua, baba. Sikukutaja."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Hadithi ilikuwa ya baba peke yake. Wewe sikukukumbuka."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa hesabu na kuielewa.

"Kumbe ulinisahau," akasema. "Ungenikumbuka, wangenichomea na mimi. Tungekaa hapa tumechomewa wote wawili, tunakunywa." Akaikaza kamba kwa kidole cha mguu. "Ukasubiri afe."

"Niliogopa."

"Ulikuwa na haki ya kuogopa. Chukua sukari yako."

Niliiacha mlangoni. Mkwe wake alinikimbilia barabarani, akanirudishia mkononi.

Nilikwenda kwa mama. Alikuwa amekaa mkekani na nguo nyeusi, anatazama mikono yake. Nilipomwambia nilikotoka, hakuuliza nilikwenda kufanya nini.

"Mimi nilikuambia wewe peke yako," akasema. "Tangu siku ile ya shuleni kwako nilijua. Nilikuja kukuangalia uso."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilishindwa kufunga mdomo, na binti yake akashindwa, na mkwe anayempenda akashindwa? Alikuwa na mtu mmoja wa kumchukia. Ningempa nafuu gani kwa kumwongezea watatu?" Akavuta kanga mabegani. "Ungeniuliza kwanza, mwanangu. Sasa umekwishaharibu na hiki kilichobaki."

Aliona mbali. Jirani aliwaambia watoto wake, kama alivyokuwa na haki. Watoto wake wakaita wazee. Kaka zangu walisimamishwa mbele ya kijiji kizima, wakatakiwa kusema kwamba marehemu baba yao alimdhulumu mtu wa rika lake mpaka kaburini. Walisema. Kisha wakatuma ujumbe Nyakato kwamba sisi wawili tusikanyage kwao mpaka wao watakapotuita. Jirani mwenyewe alikufa mwaka uliofuata. Hilo nalo nililisikia kwa mpita njia.

Mdogo wangu wa kike alipoolewa, habari niliipata sokoni Musoma, kwa mwanamke wa Butiama aliyekuwa anauza viazi. Alidhani najua. Akanitajia siku, na akaniambia ng'ombe watakaochinjwa ni wawili. Nilipomwambia mume wangu alisema hawawezi kumwoza binti wa mwisho bila dada yake mkubwa, watatuma mtu tu, hata dakika ya mwisho. Siku ile yenyewe aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa suti yake ya harusi yetu ambayo ilikuwa imembana tumboni, akavuta kiti akakaa mlangoni akitazama njia ya stendi. Mimi nilikuwa nafua. Basi la kwanza kutoka Butiama liliingia, halafu la pili. Kila mtu aliyepita alimsalimia na kumuuliza anakwenda wapi, naye alijibu kwamba bado yupo yupo kidogo.

Saa saba nilimwambia avue suti isije ikachafuka. Akaivua.